Kimya cha Wimbo wa Sita

Kama wiki iliyopita ulikuwa na shughuli zako ukakosa kisa changu, sikulaumu. Mimi ndiye yule mwenye kibanda cha kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, niliyemrekodi mke wangu akikoroma. Nilitaka ushahidi tu, maana alikuwa anakataa. Faili lile nililipa jina "Wimbo Mpya", kisha kwa uvivu wangu nikalisahau katikati ya nyimbo nyingine, na kwa siku nne nikawajazia wateja bila kujua. Mkoromo wa mke wangu ukapigwa saluni. Ukapigwa kwenye duka la viatu. Ukafika mpaka kwa mwalimu wake wa zamani, ambaye alisema mwimbaji hamfahamu ila ana pumzi.

Mke wangu aliponiuliza, nikakana. Aliponionyesha faili lenyewe na tarehe yake, nikakana tena. Mkoromo ulimuudhi, lakini kukana ndiko kulikomfungisha virago.

"Siku ukiweza kusema kweli bila kukamatwa, nitarudi," aliniambia mlangoni. "Na isiwe nusu."

Akaenda kwa mama yake. Mimi nikabaki na sufuria moja na aibu ya mtaa mzima.

Basi Jumanne nikaitwa na mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa wamepokewa duniani na mikono yake, na mpaka leo anazungumza na mtu mzima kana kwamba bado anamsubiri atoke. Nikaenda nimenyoa ndevu na kufunga vifungo vyote vya shati.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Keti."

Nikaketi. Akafungua leso yake fundo kwa fundo, akatoa flashi ndogo nyeusi, akaiweka mezani kati yetu.

"Humu yumo mume wangu," akasema.

Baba mkwe sikubahatika kumwona. Alikuwa mwimbaji wa bendi, na watu walimwita Kidole. Kwa nini Kidole, sikuwahi kuuliza. Laiti ningeuliza siku ile, wiki hii nisingekuwa na cha kukusimulia.

"Ni onyesho lao moja tu lililorekodiwa," mama mkwe akasema. "Lote limekaa kwenye faili moja. Saa moja na dakika arobaini, nyimbo kumi na moja zimeshikana. Jumapili anatimiza miaka kumi tangu atutoke, na wale wa bendi waliobaki wanakuja. Nataka nikisema wa tatu, upigwe wa tatu. Sitaki mtu ahangaike kusogeza mbele na nyuma mpaka watu hamu iwaishe. Unaweza?"

"Hiyo kazi ndogo, Mama."

"Kaseti yake ilitafunwa na redio zamani. Hakuna nakala nyingine."

"Usiwe na wasiwasi."

"Ukiifanya vizuri, nitazungumza na mwanangu. Ukiiharibu." Akanyamaza hapohapo. Mkunga hana haja ya kumaliza sentensi.

Sasa nikuungamie wewe msomaji, maana yeye sikumwambia. Kukata nyimbo nilikuwa sijui. Kazi yangu ni kunakili, kutoa huku na kutia kule. Lakini anayejua kupakua si lazima ajue kupika, na mimi maisha yangu yote nilikuwa napakua tu.

Nikatandaza kompyuta yangu kwenye meza ya chakula pale pale sebuleni kwao. Mke wangu akapita mara mbili akiwa na ndoo, na mara zote mbili aliitazama meza, hakunitazama mimi.

Aliyenijali alikuwa mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama mkwe, anaishi chumba cha uani, hakuwahi kuolewa na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Tangu niingie ukoo ule, ndiye pekee anayeniongezea sukari bila kuombwa. Akaniletea chai, akavuta kiti, akaketi kunitazama nikitafuta programu ya kukatia.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa sura, ila ni ya majaribio. Nikakata nayo wimbo wa kwanza, nikaupiga. Kila baada ya dakika moja sauti ya mwanamke wa kizungu ikawa inaingia katikati ya wimbo kunikumbusha kwamba sijalipia.

Mama mkwe akatokeza kichwa kutoka jikoni. "Nani huyo mwanamke anayezungumza na mume wangu?"

Nikaifuta haraka. Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa.

Ya pili ilikuwa ya mtandaoni. Unaipandishia faili, inakukatia, unashusha vipande. Ilipofika asilimia tisini na nne, bando likakata. Nikamwomba mke wangu anirushie intaneti kidogo kwa simu yake.

"Unataka kurekodi tena?" akauliza, akapita na ndoo yake.

Nikampigia fundi mitambo mmoja wa redio ninayemfahamu. Akanitajia ya tatu, ile inayokuchorea sauti kama mawimbi kwenye kioo. "Hiyo ndiyo ya watu wa kazi," akasema. "Haikukatii yenyewe. Unasikiliza yote kwa masikio yako, unaweka alama kwa mkono wako. Na kabla hujagusa chochote, tengeneza nakala. Umenisikia? Nakala kwanza."

Nikamwambia nimemsikia. Nikaiingiza, nikaifungua, nikayaona yale mawimbi yamejaa kioo chote mithili ya meno ya msumeno. Saa moja na dakika arobaini za kusikiliza. Nikapiga miayo.

Ndipo nikaiona ya nne. Hiyo ilikuwa na kitufe kimoja tu. Inatafuta yenyewe penye kimya, inakata hapo, na kimya chenyewe inakitupa ili nyimbo zibaki safi.

"Chukua hiyo," mama mdogo akasema juu ya bega langu.

"Fundi amesema nisikilize kwanza."

"Usikilize nini, mwanangu? Uzee ule, mikwaruzo mitupu. Hiyo inayotupa kimya ndiyo yenyewe. Kimya kina faida gani kwa mtu?" Akanimiminia chai nyingine. "Umalize mapema, mkeo akuone umefanya kazi."

Nikaona kweli huyu ananipenda.

Nikabonyeza. Programu ikaniuliza maswali mawili kwa kizungu kirefu. Mimi kizungu kirefu huwa sikisomi, nakijibu tu. Nikabonyeza ndiyo. Nikabonyeza ndiyo tena.

Kufumba na kufumbua, vipande vikatoka. Nilitarajia kumi na moja, vikawa ishirini na viwili, kila wimbo umekatwa katikati. Nikajisemea mashine ni mashine tu, haina akili. Nikaziunganisha nusu na nusu zake, nikazipa namba, na kabla chai haijapoa kazi ikawa imekwisha.

Mama mkwe akasikiliza mwanzo wa kila wimbo, akatikisa kichwa kukubali. Mke wangu akapita bila ndoo. Akanitazama, naapa, kama sekunde mbili nzima.

Nikalala usingizi wa mfalme. Ungeniona usingenijua.

Ijumaa alasiri wazee wa bendi wakaja kufanya mazoezi. Walikuwa saba, wanaume wanne na wanawake watatu, wakiongozwa na mpiga tumba ambaye goti lake moja lilikuwa limeshastaafu. Meza ikasogezwa ukutani. Nikaunganisha spika kubwa kutoka kibandani kwangu, nikasimama kando nimekunja mikono kama mwenye bendi.

"Anza wa kwanza," mama mkwe akasema.

Nikaanza. Gitaa likaingia, ngoma zikaingia, na wale wazee, wallahi, miili yao ikasahau umri. Mpiga tumba akaweka mkongojo chini. Mke wangu akaja kusimama mlangoni kutazama, na nikaona mguu wake unagonga sakafu.

Kisha, katikati ya wimbo, wote saba wakasimama ghafla.

Hawakusimama kwa kuchoka. Waliganda, kila mmoja alivyokuwa. Bibi mmoja mkono juu. Mwingine kiuno upande. Mpiga tumba mguu mmoja hewani, ule wenye goti lililostaafu. Hakuna aliyepepesa jicho.

Na muziki ukaendelea.

Ukaendelea vizuri kabisa, safi, bila wasiwasi. Wazee wakabaki wameganda huku ngoma zikiwapita. Wakaanza kutazamana kwa pembe za macho. Mpiga tumba akatetemeka, akapepesuka, akaangukia kochi.

"Zima," mama mkwe akasema.

Nikazima.

"Kimya kiko wapi?"

"Kimya gani, Mama?"

Mpiga tumba ndiye aliyenijibu, bado amelala kwenye kochi. "Mwanangu, hujui kwa nini tulimwita Kidole? Kila wimbo, katikati, alikuwa ananyanyua kidole kimoja. Bendi inanyamaza na ukumbi mzima unaganda. Hakuna kucheza, hakuna kucheka. Atakayetikisika anatoka nje. Akishusha kidole, napiga tumba, tunaendelea. Watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya hicho kimya, nyimbo walikuwa nazo kwenye redio."

Wazee wakanitazama wote. Mama mdogo alikuwa anakusanya vikombe, na alivikusanya taratibu sana.

Mama mkwe akanishika mkono, akanipeleka jikoni, akafunga mlango. Nilidhani nachapwa. Badala yake akaketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu mdogo tu kwa umbo.

"Nyimbo zilikuwa kisingizio," akasema. "Sikukuitia nyimbo."

"Uliniitia nini, Mama?"

"Wimbo wa sita. Siku ile waliporekodi nilikwenda ukumbini na mdogo wangu. Mimi nimevaa gauni jeupe, yeye la kijani nililomshonea mwenyewe. Nilikuwa simfahamu huyo Kidole. Wimbo wa sita ukafika, akanyanyua kidole, tukaganda. Na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote. Mimi nimeganda, namtazama. Naye ametazama upande wetu. Nikaona midomo yake inacheza karibu na kipaza sauti. Alisema kitu, taratibu mno, sikukisikia. Kisha akashusha kidole."

Akakunjua leso yake, akaikunja tena.

"Miezi miwili baadaye akaja nyumbani kuniposa. Nikamuuliza, siku ile ulisema nini? Akacheka. Akasema nitakuambia tukizeeka. Tukazeeka. Kila nikimkumbusha anacheka. Akafa hajasema." Akanitazama. "Wanasema siku hizi kuna mashine za kuinua sauti ndogo. Mimi sina siku nyingi, mwanangu. Nataka nisikie mume wangu alinianza kwa neno gani. Hicho kimya unacho?"

Ulimi wangu ulishakuwa tayari. Kipo, Mama, usiwe na wasiwasi. Maneno yale hunitoka yenyewe. Lakini mlango ulikuwa umefunguka kidogo, na kwenye ule upenyo nikaliona jicho moja la mke wangu.

"Sijui," nikasema.

Sijawahi kumwambia mteja neno hilo. Mama mkwe akafumba macho. Jicho la mlangoni halikuondoka.

Nikarudi kwenye kompyuta. Wazee walishatoka kwenda kupunga upepo kibarazani. Nikafungua flashi kutafuta lile faili zima. Halikuwepo. Pale lilipokuwa pamekaa zile nyimbo zangu safi zisizo na kimya. Nikaifungua tena ile programu ya kitufe kimoja, nikampigia fundi mitambo, nikamsomea yale maswali mawili herufi kwa herufi.

"La kwanza lilikuuliza kama lifute faili la mwanzo," akasema. "Ukajibu?"

"Ndiyo."

"Mshenzi wewe. La pili lilikuuliza kama likuwekee vipande vilivyotupwa. Ukajibu?"

"Ndiyo."

"Una bahati ya mjinga. Vitafute."

Nikavitafuta. Vilikuwa kwenye folda moja, vipande ishirini na kimoja vya kimya, vimepangwa vizuri, vinanisubiri. Cha kumi na moja kilikuwa kirefu kuliko vyote, sekunde ishirini na tisa. Nikakifungua kwa ile programu ya mawimbi niliyoidharau, nikavaa hedifoni, nikapunguza mikwaruzo, nikainua sauti mpaka mwisho.

Mtu akakohoa mbali. Kiatu kikagusa sakafu. Kisha sauti ya mwanamume, karibu kabisa, kana kwamba ameniinamia sikioni.

"Wewe wa gauni la kijani. Dada yako akiondoka, usimfuate. Nisubiri."

Nikarudia. Nikarudia tena. Gauni halikubadilika rangi.

Nikaikumbuka ile chai, sukari ile ya kuongezewa, na ule ushauri wa kutupa kimya. Nikageuza shingo taratibu kutazama uani. Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake, mikono mapajani, ananitazama. Sijui alikuwa ananitazama tangu saa ngapi.

Akatikisa kichwa. Mara moja tu, taratibu. Nikamwelewa: usimpigie dada yangu, mwanangu.

Sasa nikwambie shetani anakaa wapi. Anakaa kwenye programu ya kukatia. Nilitazama yale mawimbi, nikaona maneno yake yamekaa mafungu matatu, na kati ya fungu na fungu kuna nafasi ya kutosha kupitisha mkasi. Nikiondoa la kwanza na la pili, linabaki neno moja tu. Nisubiri. Mume aliyekufa miaka kumi iliyopita anamwambia mkewe, nisubiri. Mwanamke gani angetaka zaidi ya hilo? Angelia, angenibariki, mke wangu angerudi nyumbani, na mama mdogo angeendelea kuniongezea sukari mpaka kufa kwangu.

Nikayapaka bluu mafungu yale mawili. Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kufuta.

"Hiyo bluu ni nini?"

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akija.

"Ni kipande nilichochagua," nikasema.

"Umekichagua ukifanyie nini?"

Akasimama tu pale na kuweka mkono wake kwenye mgongo wa kiti changu, na nilijua fika kwamba mkono ule unaweza kwenda kwangu au kwenye mlango, na kwamba nusu ya kweli haitamtosha.

Mama mkwe akaingia. Alikuwa amebadilisha nguo. Alikuwa amevaa nyeupe.

"Umekipata," akasema. Hakuuliza.

"Nimekipata, Mama."

"Chomoa huo waya. Sitaki kusikia peke yangu. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa peke yangu na hilo jambo, leo nyumba nzima isikie."

Nikachomoa waya wa hedifoni. Spika kubwa ikanguruma kidogo. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta, ameupa mgongo mlango wa uani. Nje wazee walikuwa wanacheka jambo lao. Mama mdogo akatokea mlangoni akiwa na sinia la vikombe safi. Sijui kama alikuja kunizuia au miguu ilimleta yenyewe.

Kidole changu kimoja kilikuwa kwenye kufuta, cha pili kwenye kupiga. Bluu ilikuwa bado iko pale.

"Bonyeza ukiwa tayari," mama mkwe akasema. "Lakini ngoja."

Akanyanyua mkono, akasimamisha kidole kimoja juu, kama alivyokuwa akifanya marehemu.

Tukaganda. Sikupanga, mwili ulitii wenyewe. Mke wangu akaganda na mkono wake kwenye kiti changu. Kibarazani nako kicheko kikakatika, maana wazee waliona kidole kile kupitia dirishani na hawahitaji kufundishwa. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba nilisikia umeme kwenye spika.

Kisha, nyuma yetu, kikombe kimoja kikagongana na kingine kwenye sinia.

Mama mkwe hakugeuka. Hakushusha kidole.

"Nani ametikisika?" akauliza.